Tunairudia Supernatural yote, sizoni 15, na mie nasema haikuishia ya 5

#1 MwanaWesha

Asalaam aleikum wana barza. Huu uzi mrefu, mwenye haraka apite, mwenye kahawa yake akae.

Mdogo wangu kaja kutoka Pemba tangu miezi miwili iliyopita, anakaa na mie hapa Mwanakwerekwe, na kila siku tukishasali isha tunaweka Supernatural kuanzia ile ya kwanza kabisa, episodi mbili, Ijumaa tatu, haturuki hata moja. Juzi tumemaliza sizoni ya 5. Jana kazini nikawaambia wenzangu, nikajibiwa lile lile ninalolisikia miaka yote, ah basi yakhe ishia hapo hapo, mbele hamna kitu. Nimelala nalo hilo neno. Silikubali na leo nataka nilieleze vizuri.

Kwa asiyeijua: ni ndugu wawili, Dean mkubwa, Sam mdogo, ukoo wa Winchester. Mama yao aliuliwa na shetani mwenye macho ya njano tarehe 2 Novemba 1983, ndani ya chumba cha mtoto, Sam bado kichanga. Tangu siku hiyo baba yao akawa mtu wa njiani, anawinda mizimu na mazimwi, na watoto wake nyuma kwenye gari, ile Impala nyeusi ya 1967. Ilianza kuoneshwa Marekani Septemba 2005 ikaisha Novemba 2020, episodi 327.

Sasa kwa nini mie imenikamata hivi. Baba yetu mvuvi. Alikuwa akienda dago, kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, mwezi, mwezi na nusu, pengine upepo ukigeuka ndo zaidi. Usiku wa kuondoka anakaa kizingitini anafunga vitu vyake, mie nimesimama namshikia kandili, na akishamaliza ananiambia neno moja tu, mwangalie mdogo wako. Hanambii soma, hanambii sali, hilo tu. Mdogo wangu wakati huo hata kujifunga kikoi hajui. Basi episodi ya kwanza ya sirizi hii Dean anamfuata Sam chuoni usiku kumwambia baba kaenda kuwinda, siku zimepita na hajarudi. Nilipoiona ile nikaomba waisimamishe nikatoka nje kidogo.

Na nilivyoiona mara ya kwanza nakumbuka vizuri maana ni ule wakati Unguja haina umeme miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Nilikuwa kwa shangazi nasoma skuli huku. Jirani ana jenereta, vijana tunachanga petroli, tunaangalia DVD za sizoni nne za mwanzo tumebanana uwani kwake, jenereta inanguruma mpaka hatusikii wanasema nini tunasoma subtaito tu. Mtaa mzima giza na sie tunaangalia mashetani. Kurudi nyumbani tunashikana mikono watu wazima.

Ukiniuliza hii sirizi inahusu nini ntakwambia ni hadithi ya mtu aliyepewa ubaba kabla hajaota ndevu. Sizoni tano za mwanzo zinaonesha alivyotwishwa huo mzigo. Zile kumi za nyuma zinaonesha anavyojaribu kuutua na hajui pa kuuweka. Ukiishia ya 5 umeona nusu ya mtu.

Karibuni.

#2 BintiWete

Waaleikum salaam kaka. Umeandika vizuri lakini mie ni katika hao hao unaowapinga na sitoki.

Sizoni ya 5 mwisho wake umekamilika, haubaki uzi hata mmoja nje. Lusifa yumo ndani ya mwili wa Sam, anampiga Dean mpaka uso hautambulikani, Dean kaegemezwa kwenye gari, na kile kinachomrudisha Sam ni nini? Ule mwanasesere wa askari aliouchomeka utotoni kwenye kisahani cha majivu ya sigara cha Impala. Anauona ule, anakumbuka maisha yao yote humo garini, anapata nguvu ya kuushika mwili wake, anajitosa shimoni na Lusifa wake. Kichezeo cha mtoto ndo kimeiokoa dunia. Nani ataandika kitu kizuri kuliko hicho? Na Eric Kripke aliyeibuni alikuwa na hesabu ya sizoni tano tangu mwanzo, ilipotimia akampisha mwengine kuiongoza. Mwenye nyumba keshatoka, sie tumebaki tunafanya nini mle ndani.

Halafu ya 7 unaitetea vipi? Wale mazimwi Leviathani na maji yao meusi, na Impala yenyewe wameificha karibu sizoni nzima wanaendesha magari ya wizi. Supernatural bila ya ile gari ni pilau bila ya nyama.

#3 FlashiDarajani

Wazee mie naweka jambo la kazi kidogo maana limenichosha. Kazi yangu kujaza watu sirizi kwenye flashi. Kila anaechukua Supernatural lazma arudi, umenipunja, sizoni ya 3 ina episodi 16 na zengine zina 22 au 23. Hakuna aliyekupunja! Sizoni ya 3 ndivyo ilivyo, waandishi wa Marekani waligoma mwisho wa 2007 mpaka mapema 2008, sirizi nyingi zilikatika njiani. Zimebaki 16. Na ya 14 na ya 15 zina 20 kila moja, hizo pia ndo hivyo hivyo. Kuna mzee alinipigia kelele mbele za watu mpaka nikamfungulia laptopu nikamuonesha.

Kuhusu mada, mie nasimama na MwanaWesha. Ya 7 mbaya nakubali lakini ndani yake muna ile anayokufa Bobby, mwindaji mzee aliyekuwa kama baba yao, episodi ya 10. Yule mzee kapigwa risasi ya kichwa, yuko kitandani hospitali, na sie tunapita nae ndani ya kumbukumbu zake moja moja zinazimika kama taa, anatafuta mlango wa kutokea ili awape wale vijana nambari alizoziona. Kabakisha kumbukumbu ya mwisho na humo wamo wao wawili wamekaa kochini wanabishana kuhusu vitu vya kula mbele ya TV. Basi. Mie nilimlilia Bobby kama jamaa yangu.

#4 Mjukuu_wa_Fundi

Mie nna ugomvi na sizoni ya 2, episodi ya 20, ile ya jini. Wamemfanya mtu mwenye michoro mwilini, anakugusa, unalala unaota matamanio yako yametimia na huku yeye kakutundika anakunywa damu kidogo kidogo mpaka ufe. Na dawa yake kisu cha fedha kilichochovywa damu ya mwanakondoo. Jini gani huyo?

Bibi yangu alikuwa fundi wa majini, Mungu amrehemu, mie nimekulia kilingeni nashika chetezo. Kwetu jini ana jina, ana kabila, ana lugha yake, ana rangi ya nguo anayoitaka. Akimpanda mtu, yule mtu tunamwita kiti, na kazi ya fundi ya kwanza ni kumuuliza. Wewe nani, umetoka wapi, umekosewa nini, unataka nini. Wengine wanataka chano cha vyakula, wengine wanataka udi na marashi tu, mwengine hataki chochote amekasirika alimwagiwa maji ya moto usiku. Inazungumzwa mpaka mnaelewana, usiku mmoja, siku saba, pengine zaidi. Na wasiopenda ngoma wana kombe lao, aya zinazoandikwa sahanini zikaoshwa zikanywewa, na kisomo. Hawa Winchester hawaulizi! Wanafika na bunduki ya chumvi wanapiga. Usiku ule wa Popobawa 1995 Pemba nzima imelala nje kwa makundi, moto umewashwa, bibi alikuwa akisema kitu kile kingeulizwa kingesema kimetumwa na nani.

Ila nitoe haki yao kwa kitu kimoja. Malaika wao mpaka aombe ruhusa ndo aingie kwenye mwili wa mtu, na shetani anaingia bila ya hodi. Yule malaika Castiel kiti chake ni mtu anaitwa Jimmy, ana mke na mtoto, na sizoni ya 4 wakatuonesha ile nyumba ya Jimmy ilivyobaki. Hapo waliandika kama watu wanaojua, maana kwetu pia anaeteseka mwanzo ni jamaa wa kiti.

#5 MwanaWesha

Mjukuu ahsante, hili la kuuliza sijapata kulifikiri na sasa siwezi kulitoa kichwani. Lakini nadhani sirizi yenyewe inakuja kulijua na ndo hoja yangu mie. Sizoni ya 2 mapema wanakutana na mwanamke mnyonya damu, Lenore, hanywi damu ya watu anakunywa ya ng'ombe, na Dean inamsumbua kweli kweli kumwacha aende. Hiyo mbegu. Inakuja kuota ya 8, Dean mwenyewe anatoka kuzimu ya mazimwi na rafiki yake Benny, mnyonya damu, na anamuona ndugu. Yule yule Dean. Ukiishia ya 5 humuoni akiuliza.

Na hiyo ya jini mie ndo naipenda kuliko zote ijapokuwa jini si jini. Dean anaamka kwenye dunia ambayo mama yake hakufa. Unajua anafanya nini katika hiyo dunia ya matamanio yake? Anakata majani. Kachukua mashine anakata majani uwanjani kwa mama yake, jua linampiga, anacheka peke yake. Mtu kapewa kila kitu akachagua kukata majani ya mamake. Mie nilipoanza kupata pesa zangu kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda Wesha, kwetu Pemba, wakati wa karafuu, nikakaa chini na bi mkubwa nachambua nae usiku, karafuu huku makonyo huku, vidole vinanata vinanuka mpaka asubuhi. Sikuwa na haja ya kwenda, kuna vibarua. Basi nilikuwa nimekaa nacheka vile vile kama Dean.

Na yeye analazimika kuiacha hiyo dunia kwa sababu humo ndani watu aliowaokoa na mdogo wake wote wamekufa. Mdogo wake humo yuko salama ana maisha yake lakini hawapatani, ni kama watu wasiojuana. Anachagua kurudi kwenye tabu.

#6 AbuSaumu

Naomba niseme langu kwa upole. Mie nilikuwa nikiipenda sana na niliiacha sizoni ya 11, sikuona ya 12 mpaka leo na sitaona. Sababu yangu ni Chuck. Tangu ya 4 ni mwandishi mlevi mlevi anaandika vitabu vya maisha yao, ukafika mwisho wa ya 11 wanakwambia huyu ndo Mungu. Mie hapo nilizima, nikatoa flashi. Mashetani na mizimu najua ni hadithi ya Wazungu, naangalia kama ngano za paukwa pakawa. Malaika wanaoasi nilivumilia ingawa kwetu malaika hawaasi na Ibilisi hakuwa malaika, alikuwa katika majini, Suratul Kahf aya ya 50 iko wazi. Lakini kumuweka mtu na ndevu zake na kanzu ya kulalia ukasema huyu ndo, hapana. Siwahukumu mnaoangalia. Nawaambia tu kwamba kwa mtu kama mie hoja ya kuishia ya 5 si ya ufundi wa hadithi.

#7 BintiWete

Sheikh umesema na heshima zako. Mie niliendelea lakini episodi zile nilikuwa nazipitisha mbele na mama akiingia chumbani nabadilisha.

MwanaWesha, nakupa moja. Sizoni ya 11 episodi ya 4, ile yote imechukuliwa ndani ya gari, kamera haitoki nje ya Impala tangu mwanzo mpaka mwisho. Wanalala humo, wanapigana humo, wanakula, wanaimba. Hiyo ningeihamisha nikaitia sizoni ya 5 kwa mikono yangu. Lakini hujajibu kuhusu mwisho wenyewe. Ya 15. Watu wamemshinda Mungu wao wa hadithi, wamezunguka motoni na peponi, halafu Dean Winchester anauliwa na nondo. Nondo ya chuma, ya ukutani kwenye banda, kasukumwa na mnyonya damu asiyejulikana hata jina lake. Nililia na nilikasirika kwa pamoja. Najua korona ilisimamisha kazi Machi 2020 zikabaki episodi mbili, wakarudi kurikodi watu wachache wachache. Lakini kaka, nondo?

#8 MwanaWesha

Dada nilikuwa naingoja hii na nitaijibu pole pole.

Mie kazi yangu ni ujenzi. Nafunga nondo. Kila siku ya Mungu ziko mkononi mwangu, nazijua kwa uzito na kwa sauti zinavyoanguka. Mwaka juzi tulikuwa na kazi, nimepanda jukwaani asubuhi, ubao una umande, mguu ukaniteleza nikaja chini kwenye nguzo ambazo nondo zake bado zimechomoza. Moja ya milimita 12 ikaniingia pajani kwa nyuma ikatokea pembeni. Haikuuma. Nilihisi baridi tu kama mtu kaniwekea barafu. Wenzangu wakanijia mbio wanataka kuninyanyua nikawaambia msiniguse, msinichomoe, nilijua ile ile iliyonitoboa ndo inayoizuia damu. Wakaleta msumeno wakaikata chini yangu nikapelekwa nayo.

Sasa kaiangalie tena ile dakika. Dean anamwambia Sam usinitoe, anahisi ile kitu ndo imemshikilia. Aliyeandika pale anajua, au aliuliza mtu anayejua. Watu wa mtandaoni wanasema kifo kidogo. Hakuna nondo ndogo. Watu wazima wenye watoto wanakufa kwa kuteleza, kwa msumari wenye kutu, kwa ngarawa iliyopinduka karibu na ufuo watu wanawaona. Baba yangu kapigwa na mawimbi ya kusi miaka arubaini na kitu kilichokaribia kumuua ni mwiba wa samaki. Dean tangu sizoni ya 1 anajua atakufa kazini na akafa kazini, akiokoa watoto wawili walioibiwa kwao.

Na unajua pale chini, wakati msumeno unakata, nilichokuwa nikikisema ni nini? Nilikuwa namwambia mwenzangu ampigie simu mdogo wangu lakini asimwambie mama. Nilikuwa naeleza pesa ya ada yake iko wapi. Nusu saa nzima naeleza mambo yake. Ndo maana ile ya mwisho siwezi kuiangalia kama muvi, Dean anamwomba Sam amwambie kwamba sawa, anaweza kwenda. Hawezi kwenda bila ya kuruhusiwa na mdogo wake! Tangu mtoto wa miaka minne, mpaka huyo aliyekabidhiwa amwambie kaka imetosha, nenda. Hiyo haipo sizoni ya 5. Kule Sam ndo anaondoka na Dean anabaki na mzigo wake vile vile, anakwenda kwa Lisa, mwanamke aliyekuwa nae zamani, kumtunza mtoto mwengine.

#9 FlashiDarajani

Pole sana yakhe, sikujua.

#10 BintiWete

Pole kaka. Mungu akuzidishie afya. Nitaiangalia tena ile ya mwisho, sikuahidi kitu, lakini nitaiangalia.

#11 Mjukuu_wa_Fundi

Na mwisho kabisa Sam mzee kitandani, mwanawe ambae kampa jina Dean anamwambia maneno yale yale, unaweza kwenda. Hapo ndo nikasema basi, hawa watu mwisho wa safari wamejifunza kuuliza na kujibiwa.

#12 NahodhaMdogo

Asalaam aleikum. Mie ndo huyo mdogo. Niko chumba cha pili nasoma tangu saa tatu, kaka yuko ukumbini anaandika na hajui kama nimo humu.

Sizoni ya mbele nilishaziona zote kwa simu nikiwa Pemba, sikumwambia maana nilitaka tuzione pamoja na kama kwangu mpya. Ninayoipenda ni ya 8, wanapopata lile handaki la wazee wao. Mara ya kwanza Dean ana chumba chake. Anatundika silaha zake ukutani moja moja, anaweka picha ya mama yake, anajilaza kwenye godoro anasema linamkumbuka. Mtu mzima yule hajawahi kuwa na godoro lake. Kaka nilipofika hapa alinipa mie kitanda na yeye tangu siku hiyo kalala kwenye jamvi, na akiulizwa anasema mgongo unataka hivyo.

Kaka hadithi ya nondo mie nilikuwa naijua nusu. Simu niliambiwa umeumia kidogo mguu.

Sasa na mie nna jambo nalitafutia pa kulisemea. Umenileta nijifunze ujenzi na nashukuru, na nimejifunza. Lakini mie nataka bahari. Nimeshazungumza na baba kwa simu, kasema upepo ukitulia kuna dago na nafasi ipo kwenye chombo. Sam alikimbia kazi ya baba yake, mie naitaka. Usiniandalie pesa ya kitu chengine. Nakuomba radhi yako tu.

#13 MwanaWesha

Nimeiona.

Toka huko chumbani njoo, nimeteleka chai. Ya 6 tunaianza leo leo, tatu, ijapokuwa si Ijumaa, maana sijui tutafika wapi kabla hujapanda boti. Zilizobaki FlashiDarajani ataniwekea kwenye flashi yako, mpaka ya 15, na usiiangalie ile episodi ya 20, ya mwisho, peke yako huko dago, ningoje nije Wesha.

BintiWete na weye anza ya 6 usiku huu, kesho tuzungumze kuhusu Sam asiye na roho.